Mlango wa Mbele na Mlango wa Uani

Kila nikitoa kitabu, mchapishaji hunitumia karatasi ya kutia saini, na ndani yake pana sentensi moja inayonichekesha kila mara: kwamba kazi hii ni yangu, nimeitunga mwenyewe, wala sikuichukua kwa mtu. Natia saini. Kwa nini nisitie, nami nataka kitabu kitoke? Lakini nikishaweka kalamu chini hucheka peke yangu, na watu wa nyumbani kwangu wamenizoea, hawaniulizi tena. Huwa namcheka msichana mmoja wa kidato cha pili aliyekuwa akikaa Malindi miaka ya themanini, aliyeamini kabisa kabisa kwamba kila wimbo una mwenyewe, na mwenyewe lazima aandikwe. Msichana huyo ni mimi, na imani yangu hiyo nusura inikoseshe pa kulala.

Wazazi wangu walikuwa Takaungu. Mimi niliwekwa Malindi kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, kwa sababu skuli ilikuwa karibu na kwake, na kwa sababu, kama mama alivyosema mbele yangu bila haya, shangazi hakuwa na mtoto na mimi nilikuwa na mdomo. Shangazi alikuwa mjane, mfupi, mwepesi wa miguu, na mikono yake haikujua kutulia. Kama hasuki ukili wa mikeka, basi anachambua mchele. Kama hachambui mchele, anakuna nazi. Na wakati wote huo alikuwa akivumavuma, hm hm hm, kichwa kimeinama, na ukimsemesha anakwambia, "Ngoja kwanza, mwanangu, nisipoteze."

Asipoteze nini? Hilo ndilo nililolijua mwezi wangu wa kwanza pale nyumbani.

Harusi za kwetu zilikuwa na vugo. Wanawake wa upande wa bwana harusi walikwenda kwa kina bibi harusi wakigonga pembe za nyati kwa vijiti, wakiimba, na walipofika huko walipokewa na wanawake wa upande wa pili, nao na pembe zao. Hapo sasa ndipo pa raha. Hawa wanatoa ubeti wa kuchokoza, wale wanajibu; hawa wanarudisha, wale wanakandamiza. Ubeti ukiingia barabara, vigelegele vinasikika mpaka sokoni. Na katika umri wangu wote sikuwahi kumsikia mtu akiuliza ubeti fulani kautunga nani. Ukiuliza ungejibiwa, "Ni wetu," basi. Aliyeuimba ndiye mwenyewe siku ile, na kesho yake mwenyewe ni yeyote aliyeukumbuka akifua nguo.

Kumbe mwenyewe alikuwa anakuna nazi kwetu. Wiki moja kabla ya kila harusi, baada ya sala ya Adhuhuri, wanawake wawili watatu wa upande wa bwana harusi walibisha hodi mlango wa mbele, na kifurushi cha halua. Walinong'ona na shangazi, wakachukua beti zao, wakaenda. Siku hiyo hiyo baada ya Alasiri, wa upande wa bibi harusi walipitia mlango wa uani, huko kisimani, nao na halua yao. Hawa walikuja kutaka majibu. Kila upande uliamini kwamba shangazi ni wao peke yao, na shangazi hakumwambia mtu kwamba ni wake, wala kwamba si wake. Mimi niliambiwa neno moja tu: "Wewe hukuona mtu." Na halua ile nilivyokuwa nikiila, wallahi, ningeapa kwamba hata kisima sijakiona.

Basi mwaka huo tukaletewa mwalimu mpya wa Kiswahili, kijana wa bara, mrefu, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Kiswahili chake kilikuwa safi kama kilichotoka kitabuni leo asubuhi, na sisi watoto wa mji tulimcheka kidogo kwa hilo, lakini tulimpenda. Alipenda kazi yake yule bwana. Alituambia tukusanye nyimbo za nyumbani kwetu kabla hazijapotea, na kwa kila wimbo tuandike umesikika wapi, umeimbwa na nani, na mtunzi ni nani. Mmoja wetu akamwambia, "Mwalimu, nyimbo hizi hazina mtunzi." Akageuka kutoka ubaoni akamwangalia. "Wimbo haujitungi," alisema. "Yuko mtu alikaa akaumiza kichwa, na hakuna aliyemtaja. Hiyo ni dhuluma."

Neno hilo dhuluma lilinichoma. Nilikwenda nyumbani nimevimba kwa niaba ya shangazi yangu. Miaka yote hiyo anaumiza kichwa, na wengine ndio wanaopigiwa vigelegele! Nikamwambia, "Shangazi, nataka kuandika nyimbo zako, ni kazi ya skuli." Alikuwa akipepeta mchele. "Andika, mwanangu," akasema bila kuinua macho, "elimu hiyo." Yeye alifikiri ni daftari, linakwenda kwa mwalimu na kurudi, kama madaftari yote. Mimi sikumweleza zaidi. Hapo ndipo lilipo kosa langu, na sitaki kumsukumia mtu mwingine.

Shangazi hakusoma skuli. Alisoma chuoni, chuo cha Kurani, na beti zake aliziandika kwa herufi za Kiarabu nyuma ya kurasa za kalenda zilizopitwa na wakati, kisha akazikunja akaziweka kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda. Nami herufi hizo nilizijua, nilifundishwa chuoni kama yeye. Nikafungua kopo. Nikaona uchokozi na jibu lake kwenye ukurasa mmoja, juu na chini, mkono ule ule, wino ule ule. Juu, kwa upande wa bwana harusi:

*Mchele tumechagua, nazi tumewakunia,*
*mwana wenu hajapika, ajua kupakulia.*

Na chini yake, kwa upande wa bibi harusi:

*Kupika amefundishwa, na kuni hujichanjia,*
*mwenu uji hadi leo, mama humpulizia.*

Nilicheka mpaka nikajifunika uso kwa mto. Niliikumbuka harusi ile, nilikumbuka bwana harusi alivyoinamisha kichwa na mamake alivyocheka kuliko wote. Nikanakili beti kumi na mbili kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Chini ya kila jozi nikaandika kwa bidii ya mjinga: umeimbwa na upande wa bwana harusi, umejibiwa na upande wa bibi harusi, zote mbili zimetungwa na shangazi yangu. Na jina lake lote, lake na la babake.

Mwalimu alipolisoma daftari alisimama. Akasema hii ni hazina. Akapeleka nyimbo zetu kwenye mashine ya kurudufu ya skuli, akapiga mwenyewe kwa mkono, mikono yote miwili imejaa wino, akatoa kijitabu cha kurasa ishirini kilichobanwa kwa pini. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, palikuwa na jina lake yeye, kwamba ndiye mkusanyaji. Katikati jina langu, kwa herufi za kadiri. Na chini ya kila ubeti, kwa herufi ndogo, jina la shangazi. Leo nikikumbuka mpango huo naona una mambo ya kuchekesha. Siku ile sikuona la kuchekesha hata moja. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona jina langu limepigwa chapa, na nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya njia, nangojea watu wanipishe.

Kijitabu kiligawiwa siku ya wazazi. Siku ya wazazi ilikuwa Alhamisi. Kufikia Ijumaa baada ya sala, hapakuwa na mwanamke Malindi wala Takaungu ambaye hajasomewa.

Tena wakati wenyewe ulikuwa mbaya ajabu. Ilikuwa imebaki wiki moja kabla ya harusi kubwa ya msimu ule, bwana harusi wa Takaungu na bibi harusi wa Malindi, na pande zote mbili zilikuwa bado hazijaja kuchukua beti. Jumamosi asubuhi nilikuwa uani nasugua vyombo. Hodi mlango wa mbele, hodi mlango wa uani, kwa pamoja. Hasira ilikuwa imewafanya wasahau saa zao. Kwa mbele akaingia kiongozi wa vugo wa Takaungu, bibi mnene mwenye sauti ya kupasua ukuta, kijitabu mkononi. Kwa uani akaingia kiongozi wa upande wa bibi harusi, mwanamke mrefu mkavu asiyecheka ovyo, naye kijitabu mkononi. Wakakutana sebuleni mbele ya ungo wa shangazi.

"Ala!" akasema yule wa Takaungu. "Kumbe huku nyuma pia pana njia?"

"Ipo tangu nyumba ilipojengwa," akajibu yule mrefu.

Shangazi akawakaribisha, akasema nipike chai. Nikamwaga majani nusu. Nilidhani watamgombeza kwa kutumikia pande mbili, lakini wapi! Ugomvi wao ulikuwa mwingine kabisa. Kila mmoja alikuwa ameupitia ubeti mmoja mmoja kupima nani kapewa mzuri zaidi.

"Hili la uji," akasema yule wa Takaungu akilipiga kwa kidole, "hili la uji ungetupa sisi! Mimi nimelionea wivu tangu siku ile, kumbe limetoka kwenye ungo huu huu?"

"Na lile la buibui mlipewa nyinyi," yule mrefu akarudisha, "sisi tukaachiwa la kuku."

"Hebu niwaulize," akasema shangazi taratibu. "Nyinyi wa Takaungu, mmewahi kushindwa?"

"Sisi? Thubutu!"

"Na nyinyi je?"

"Hatujashindwa," akasema yule mrefu.

"Basi mwataka nini?"

Nikadhani yamekwisha. Kisha yule mrefu akakunja kijitabu akakitia kwapani. "Mimi nilijua siku nyingi, bibie, sikufichi," alisema. "Moshi wa pale kwenu haujifichi. Lakini kujua ni kujua, na kuandikwa ni kuandikwa. Sasa nikisimama niimbe, wenzangu wataniona nasoma barua ya mtu. Safari hii tutatunga wenyewe." Na yule wa Takaungu, ambaye hakuwa amekubaliana naye kwa neno lolote tangu aingie, akasema, "Na sisi vile vile." Wakaondoka. Kwa haraka zao wakabadilishana milango, wa mbele akatokea uani na wa uani akatokea mbele.

Mimi nilicheka. Shangazi hakucheka.

Hakunipiga wala hakunigombeza, na ningependa angefanya yote mawili. Alianza kuniita Bi Mwandishi. "Bi Mwandishi, chakula tayari." "Bi Mwandishi, ukimaliza kuandika watu, teka maji." Akaniambia neno moja tu la kweli, nikiwa namsaidia kuanika mchele. "Yale maneno nilikuwa nayatoa, mwanangu. Mtu ukimpa kitu, ukakiandika jina lako, umempa nini?" Nikasema kwamba mwalimu alisema kutomtaja mtunzi ni dhuluma. Akasema, "Mwalimu wako kijana mzuri. Mwambie aje ale wali siku moja." Kisha akanikataza kalamu na karatasi nje ya kazi ya skuli, na kopo la biskuti akalihamisha.

Lililoniumiza zaidi ni kwamba aliacha kuvumavuma. Nyumba ilikuwa kimya wiki nzima, ukili tu, krr krr krr. Niliogopa atanirudisha Takaungu, na zaidi ya hilo niliogopa kwamba nimemzima, kwamba hatatunga tena, na mwenye kumzima ni mimi niliyetaka kumwasha. Nililia uani nikisingizia vitunguu.

Siku ya harusi ikafika. Shangazi alialikwa kama jirani, akakaa upande wa jikoni na wapishi, mimi karibu naye. Baada ya Alasiri wakaja wa Takaungu, pembe zinalia vizuri, na yule bibi mnene mbele. Akatoa ubeti wao wa kwanza. Masikini! Ulikuwa mrefu kama orodha ya dukani, ulitaja ndugu wote wa bwana harusi mpaka aliyeko Watamu anayefanya kazi hotelini, na ulipofika mwisho pembe zilikuwa zimetangulia zamani. Upande wa pili wakajibu kwa ubeti ambao hata wenyewe hawakukubaliana maneno, nusu wanasema "mahari", nusu wanasema "habari". Wapishi wakaanza kutazamana. Shangazi alikuwa akimenya viazi, lakini midomo yake ilikuwa ikijikunja kila mizani ilipokosewa.

Laiti ingeishia kwenye ubaya wa beti tungecheka tukala wali. Lakini wakaanza kuona haya, na kwenye haya wakatafuta ukali. Msichana mmoja wa Takaungu, kwa kutaka kuokoa upande wake, akaruka mbele akatoa ubeti kwamba bibi harusi ni mali iliyorudishwa dukani. Kila mtu alijua maana yake. Yule binti alikuwa ameposwa mwaka uliopita na posa ikavunjika, na hakuna aliyelitaja jambo hilo tangu siku ile.

Pembe zikanyamaza. Zote. Kutoka chumbani tukasikia bibi harusi ameanza kulia, na mamake akasimama akavuta leso yake akajifunga kiunoni. Yule mrefu mkavu alikuwa ameinua kijiti, na sidhani alitaka kugonga pembe nacho. Nikafikiri: harusi hii inavunjika, na aliyeivunja ni kijitabu changu. Katika kopo la shangazi hapakuwahi kuwa na ubeti wa namna ile. Alijua kila mtu anaumwa wapi, na huko hakugusa kamwe.

Nikamgeukia, kumbe hayupo. Kisu kiko juu ya viazi. Shangazi alikuwa tayari ameshatoka katikati ya wanawake, mfupi vile, amechukua pembe mkononi mwa mtu wa karibu bila kuomba. Miaka yote ile sikuwahi kumwona ameshika pembe. Akagonga mara tatu, akaimba, na sauti yake haikuwa nzuri, nasema kweli, ilikuwa ya mtu aliyezoea kuvumavuma tu:

*Mlango wangu wa mbele, na wa nyuma mwaingia,*
*chungu changu ni kimoja, nyote nawapakulia;*
*leo mwapika wenyewe, moshi mmejitilia.*

Na mstari wa nne ulikuwa jina lake. Lake na la babake, limekaa kwenye mizani sawasawa, kama washairi wakubwa wanavyojitaja mwishoni mwa shairi ili mtu akitaka kugomba ajue pa kwenda.

Yule bibi mnene wa Takaungu akapasuka kwa kicheko, akacheka mpaka akamshika yule mrefu bega asianguke, na yule mrefu, asiyecheka ovyo, akacheka mpaka kijiti kikamtoka. Vigelegele vikaanza jikoni kwa wapishi na kuenea nyumba nzima. Mstari wa moshi ukaitikiwa na pande zote mbili kwa pamoja, jambo ambalo halijawahi kuonekana katika vugo. Yule msichana wa mali ya duka akasukumwa chumbani na wenzake akaombe radhi, na alitoka macho mekundu ameshikana mkono na bibi harusi, naye macho mekundu, wote wawili wanatabasamu.

Shangazi akaja nilipo, jasho linamtiririka, leso imemteleza. Nilitaka kumwambia mambo mengi. Nilitaka kumwambia nisamehe.

"Umeliandika?" akaniuliza.

"Sina kalamu, Shangazi. Ulinikataza."

"Haya, nenda katafute! Unangoja nini?"

Nilikimbia nikaomba kalamu kwa fundi cherehani wa jirani, nikapata na karatasi iliyokuwa imefungiwa halua, bado ina mafuta pembeni. Shangazi akasimama juu ya kichwa changu. Nikaandika mistari mitatu. Kwenye wa nne nikasita, nikamwangalia.

"Andika," akasema. "Kama nilivyolisema. Langu na la babangu."

"Na yale mengine, ya kwenye kijitabu?"

"Yale nilishawapa wenyewe. Hili ni langu." Kisha akajipangusa uso kwa ncha ya leso. "Umeandika vizuri? Hebu nioneshe jina liko wapi." Nikamwonesha. Herufi zile za skuli hakuzijua, lakini aliliangalia kwa muda mrefu, akapitisha kidole juu yake mara mbili, akarudi kwenye viazi vyake anavumavuma.

Baada ya hapo milango yote miwili iliendelea kubishwa kama zamani, na halua ikaendelea kuja. Wote walijua na hakuna aliyesema, nami kinywa changu nilikijaza halua. Mwalimu alikuja akala wali, akauliza maswali mengi, akajibiwa kila swali kwa sahani nyingine.

Karatasi ile ya halua ninayo. Kila mchapishaji akiniletea ile yake ya saini, naifungua hii kwanza, nasoma mistari minne, kisha natia saini. Jina la shangazi halimo humu nilimoandika leo. Ruhusa aliyonipa ilikuwa ya karatasi ile moja.